Refa Aliyeandika Hobi Yake

Ulipokunja gazeti wiki jana, ulimwacha Simeo amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, mbele ya meza ya usaili katika kiwanda cha juisi ya machungwa pale Kabuku. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Nicolaus, alikuwa ameshusha miwani hadi ncha ya pua. Kidole chake kilikuwa kimesimama chini kabisa ya CV, palipoandikwa hobi.

"Kumbe refa ni wewe," alisema.

Nafasi ikaniishia hapo, na najua wapo walionitukana. Nimesamehe.

Kama gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, jua haya machache. Simeo ni kijana wa Dindira, mtoto wa wachuma chai, ana stashahada ya ununuzi na ugavi, na ametembea na bahasha ya kaki mpaka bahasha yenyewe imechakaa. Kazi anayoitaka ni ya msimamizi wa ghala. Huko Mpale ana mchumba, Ritha, na baba wa Ritha ameshasema wazi kwamba bila kazi hakuna posa. Mzee Nicolaus naye, mbali na kuwa bosi wa kiwanda, ni mlezi wa timu ya Kabuku, ile iliyofungwa na Mpale kwa penalti moja katika fainali ya Kombe la Ng'ombe. Aliyepuliza kipyenga cha penalti hiyo ni huyuhuyu Simeo.

Haya, kaa vizuri tuendelee.

"Ndiyo, mzee, ni mimi," Simeo alijibu. Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa ili airudishe.

"Fainali ya Segera."

"Ndiyo, mzee."

"Dakika za nyongeza, watu wameshaanza kutoka uwanjani."

"Ndiyo, mzee."

Pembeni ya mwenyekiti alikaa Mama Paulina, afisa rasilimali watu wa kiwanda, mwanamke asiyependa kupotezewa muda. Aligonga meza kwa kalamu.

"Mwenyekiti, maswali yetu ni ya ghala. Huyu kijana ndiye aliyeongoza mtihani wa maandishi."

"Na swali langu ni la ghala hilohilo," alisema Mzee Nicolaus. "Mtu wa ghala lazima awe na macho. Nataka kujua kama huyu anaona." Akamgeukia Simeo. "Kijana, ile ilikuwa penalti?"

Mtu mwingine angejikuna kichwa, akasema mzee hayo yamepita, mpira una mambo yake. Simeo hakuumbwa hivyo, na ndiyo maana hadithi yake imefika wiki ya tisa.

"Ilikuwa penalti, mzee. Beki aliushika mpira kwa mkono, ndani ya kumi na nane. Nilikuwa karibu, niliona."

"Beki huyo unamjua?"

"Namkumbuka kwa jezi tu. Namba nne."

"Anaitwa Denis," alisema Mzee Nicolaus. "Ni mwanangu wa kumzaa."

Simeo akaitazama CV yake pale mezani.

"Siku ile alikuja bwana mmoja kutoka Dar kumtazama," mzee aliendelea, polepole, macho kwenye karatasi. "Timu kubwa. Ulipopuliza, mtoto akapandwa na hasira, akakusukuma, ukamtoa kwa kadi nyekundu. Yule bwana aliingia kwenye gari kabla mpira haujaisha, hakuniaga. Leo mwanangu anabeba makreti ya machungwa hapo uani, kwenye ghala unalotaka ulisimamie wewe."

"Pole sana, mzee."

"Pole yako siitaki. Nataka neno moja." Mzee Nicolaus alivua miwani kabisa. "Jumamosi tuna bonanza uwanja wa hapa Kabuku. Utashika kipaza sauti, useme mbele ya watu kwamba ulikosea. Yule bwana wa Dar nitamwalika, asikie kwa masikio yake. Jumatatu unaanza kazi."

"Mwenyekiti," alisema Mama Paulina, "hilo halimo kwenye utaratibu wa usaili."

"Na hobi imo? Nani alimwambia aiandike?"

Tuseme kweli, swali lilikuwa zuri.

Aliyemwambia aiandike ni Emiliana, dada mwenye steshenari jirani na stendi ya Korogwe, aliyewachapia CV nusu ya vijana wa mji ule. CV za Emiliana zilikuwa na hobi za namna moja: kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Wapo vijana ambao hawajawahi kuvuka Hale, lakini kwa Emiliana walikuwa wasafiri.

Simeo hakutaka hobi yoyote. "Mwajiri anataka kazi yangu," alisema siku ile, "michezo yangu inamhusu nini?"

"Kaka, ukurasa wa pili una mistari mitatu tu," Emiliana alijibu bila kuacha kubonyeza. "Wakiona ukurasa mtupu watadhani na kichwa ni kitupu. Nikuwekee kusafiri?"

"Sisafiri."

"Kusoma vitabu?"

"Nasoma magazeti tu."

"Sasa ukiwa huna la kufanya unafanya nini?"

"Nachezesha mpira."

"Basi hiyo. Nipe na mfano, mechi kubwa uliyochezesha, mistari iongezeke."

Akampa mfano. Fainali ya Kombe la Ng'ombe, Segera, Kabuku na Mpale. Alichaguliwa kuichezesha kwa sababu Dindira haikuwa na timu pale, kwa hiyo hakuwa wa huku wala wa kule. Alijivunia mechi ile. Angekubali uongo mdogo kama wenzake, leo angeulizwa kitabu cha mwisho alichosoma, angebabaika kidogo, yakaisha.

"Toka nje ufikiri," alisema Mzee Nicolaus. "Tunamwita mwingine, halafu wewe."

* * *

Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wasailiwa waliobaki, kila mmoja na bahasha yake mapajani.

"Wanauliza nini humo ndani?" kijana mmoja alimnong'oneza.

"Mpira," alisema Simeo, akapita.

Alisimama nyuma ya tangi la maji, akampigia Ritha. Ritha alipokea simu haijamaliza hata kuita.

"Umepata?"

"Nusu."

"Nusu ya kazi ndiyo nini?"

Simeo akamweleza yote. Ritha akasikiliza bila kumkatiza.

Unakumbuka walivyokutana hawa wawili. Kwenye mashindano yale kuna desturi: ng'ombe wa kombe huchinjwa kijijini kwa washindi, na refa hualikwa supu. Asipokwenda, watu husema ana kinyongo na timu. Simeo akaenda Mpale na suruali yake ya kitambaa, akaketishwa mahali pa wageni, na aliyemletea bakuli alikuwa Ritha, binti wa Mzee Matayo, mlezi wa timu. Kabla ya supu ile hakuwa amewahi kumwona.

"Ng'ombe tulishamla, Simeo," hatimaye Ritha alisema, kwa sauti ya chini kwa sababu baba yake alikuwa uani. "Na wewe ulikula."

"Nilikula, ndiyo."

"Baba aliupata uenyekiti wa kijiji kwa sababu ya ng'ombe yule. Kila mkutano anamtaja. Ukisema kwenye kipaza sauti kwamba ulikosea, Mpale nzima tumekuwa wezi. Atakufukuza wewe, na mimi sitasikilizwa."

"Nisiposema, sipati kazi."

"Usipopata kazi hakupi mimi. Yule wa duka la pembejeo ameshatuma wazee wa posa mara mbili. Mara ya pili baba aliwapa viti."

"Sasa nifanyeje, Ritha?"

Simeo akamsikia Ritha anavuta kamasi.

"Sijui," alisema. "Kwani hobi ilikuwa ya nini, Simeo? Si ungeandika hata kuimba kwaya?"

Simu ikakatika. Simeo alibaki nyuma ya tangi, ameishika sikioni, anasikiliza mabasi yakipita barabara ya Chalinze. Alitamani mtu yeyote mzima wa akili aje amwambie fanya hivi. Hakuna aliyekuja.

Yaani alikuja mtu, lakini hakuwa wa kusaidia.

"Refa."

Simeo aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye mabega mapana, kreti la machungwa begani, jasho linamtiririka. Hakuhitaji jezi namba nne kumtambua. Mara ya mwisho walipotazamana kwa karibu hivi, kijana yule alikuwa amemkunja shati.

Simeo akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa tangi. Denis akatua kreti chini. Hakukunja ngumi. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasogea.

"Mzee amekwambia useme ulikosea?"

"Umejuaje?"

"Tangu ile mechi hana wimbo mwingine. Usiseme, bro."

Simeo alidhani hakusikia vizuri. "Nisiseme?"

"Mpira niliushika. Unajua, na mimi najua."

"Niliona."

"Hujaona yote. Niliushika makusudi."

Msomaji, Simeo alimtazama kijana yule mpaka akasahau kuwa yuko kwenye usaili.

"Mimi mpira naupenda jioni," alisema Denis, haraka haraka, "na washkaji, jua likipoa, ukichoka unatoka. Mzee anataka uwe kazi. Tangu niko mdogo ananiamsha alfajiri nikimbie mpaka barabarani na kurudi, mvua, baridi, hajali. Yule jamaa wa Dar alikuwa ameshanipenda. Niliona kabisa nakwenda. Basi nikasema leo nauharibu. Nikaudaka. Wewe ulipopuliza nikakusukuma, ili unipe nyekundu kabisa, yule jamaa aone sifai. Nisamehe kwa lile shati."

"Mwambie baba yako."

"Siwezi."

"Mwambie tu kama ulivyoniambia mimi."

"Wewe humjui mzee wangu. Amewaambia watu wote kwamba nilionewa. Akiamka asubuhi hicho ndicho kinachomtoa kitandani. Nikimwambia nilimfanyia makusudi, sina baba." Denis akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Ukisema ulikosea, yule jamaa anarudi, na mimi narudishwa kwenye majaribio. Nakuomba, refa. Shikilia hapohapo."

"Nikishikilia sipati kazi, Denis. Na mchumba napoteza."

Denis akainama, akatoa chungwa moja kwenye kreti, akamwekea Simeo mkononi, akaondoka na mzigo wake.

Sasa Simeo alikuwa na silaha. Akiingia ndani aseme, mzee, mwanao ameniambia mwenyewe hapo nje, na yote yamekwisha: penalti ni penalti, Mpale hawajaiba, ng'ombe ni halali yao. Wewe ungesema. Mimi pia ningesema, na sauti ningepandisha. Simeo alilitazama lile chungwa, akaliona jambo hilo ni kumvua mtu nguo sokoni. Akalaani roho yake iliyoumbwa hivyo, na hakuweza kuibadili.

"Simeo," aliita Mama Paulina mlangoni. "Ingia."

* * *

"Umefikiri?" aliuliza Mzee Nicolaus.

"Nimefikiri, mzee. Ilikuwa penalti. Siwezi kusema vingine."

Simeo alitegemea hasira. Mzee hakukasirika. Alibonyeza simu yake, akasema, "Mwambieni Denis aje ofisini," akaiweka chini.

Denis aliingia na vumbi lake, akasimama karibu na mlango. Hakumtazama Simeo.

"Denis," alisema baba yake, "refa wako huyu hapa. Anasema uliushika mpira. Mbele yake na mbele ya Mama Paulina, niambie. Uliushika?"

Simeo aliomba kimyakimya, kwa maneno yote aliyofundishwa kanisani Dindira. Neno moja tu. Ndiyo, baba. Likisemwa hilo, wote wawili wanapona.

Denis alitazama sakafu.

"Sikuushika, baba."

"Rudia."

"Sikuushika."

Simeo alifumba macho. Dakika chache tu zilizopita mdomo uleule ulikuwa umesema kinyume, na sasa yeye ndiye mwongo wa chumba kile. Alipoyafumbua, Denis alikuwa bado anatazama sakafu, mkono mmoja umeshika mwingine.

"Hakuna hata picha ya kumsaidia," Mzee Nicolaus alimwambia Mama Paulina. "Kuna aliyerekodi kwa simu. Kinachoonekana ni mgongo wa mama mmoja na kitenge chake."

Mama Paulina alimhurumia Simeo. Nalisema hili mapema usije ukamchukia kwa atakalofanya, kwa sababu alilifanya kwa nia njema.

"Mwenyekiti, tuuweke mpira pembeni," alisema. "Kila anayefika hatua hii tunawapigia wadhamini wake, tusikie tabia yake kwa watu wanaomfahamu. Na huyu tumtendee hivyo hivyo. Kama ni mwongo watasema, kama ni mkweli watasema."

Akafunua ukurasa wa pili, akaweka simu mezani, akabonyeza sauti ya nje.

Simeo aliona kidole cha Mama Paulina kikitafuta namba ya mdhamini wa kwanza, akasogea mbele kitini. CV lazima iwe na wadhamini, na Emiliana alikuwa amesisitiza wa kwanza awe mtu mwenye cheo. Mtu pekee mwenye cheo aliyewahi kumwambia Simeo "niandike mimi" alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja huko Mpale.

"Mama, samahani," alisema, "naomba uanze na wa pili. Ni mwalimu wangu wa chuo."

"Kwa nini?"

"Huyo wa kwanza... mtandao unasumbua kule."

"Mbona inaita," alisema Mama Paulina.

Ikaita. Ikapokelewa.

"Haloo, Mzee Matayo hapa."

Mzee Nicolaus, aliyekuwa ameegemea kiti, akakaa wima.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Paulina. "Tunapiga kutoka ofisini, kuna kijana ameomba kazi na amekuandika wewe kuwa mdhamini. Simeo wa Dindira. Unamfahamu?"

"Marahaba, mama. Simeo?" Sauti ikachangamka, ikajaa chumba kizima. "Huyo ni kijana wangu. Mpeni kazi leo. Ana akili, ana adabu, na ana bahati huyo. Ndiye aliyetupa ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Wa kombe, mama. Bila Simeo, Mpale tungemla wapi ng'ombe? Wale wa Kabuku walikuwa wametubana, hatuna pa kutokea, Simeo akapuliza." Mzee Matayo akacheka kutoka tumboni. "Mimi nikasema kijana huyu hatapotea. Nimempa binti yangu. Akishapata kazi tu hapo kwenu, ni mkwe wangu kabisa."

Mama Paulina alinyoosha mkono azime sauti. Mzee Nicolaus akauzuia mkono wake, kwa upole, akaivuta simu upande wake.

"Mkwe," alimwambia Simeo. "Refa wa fainali ni mkwe wa mlezi wa Mpale."

"Nilimfahamu binti yake baada ya mechi, mzee. Naapa. Tulikutana kwenye supu."

"Kwenye supu," alirudia Mzee Nicolaus. Simeo mwenyewe aliposikia neno lile katika mdomo wa mtu mwingine, hakujiamini.

Mzee Nicolaus akainamia simu. "Habari za Mpale, mwenzangu. Nicolaus hapa, wa Kabuku."

Upande wa pili alisikika kuku akilia, na mtu anachanja kuni mbali.

"Nimekusikia vizuri sana," Mzee Nicolaus aliendelea. "Hongera kwa kupata mkwe. Nilitaka kujua tu, ulimpata kabla ya fainali au baada? Kamati ya mashindano nao watapenda kujua. Na wanakijiji wako, maana nasikia siku hizi wewe ni mwenyekiti."

"Mkwe gani?" alisema Mzee Matayo.

"Simeo."

"Aa, hapana, hapana. Nilidhani mnamwulizia Simeo mwingine. Huyo wa Dindira mimi simfahamu."

"Umeandikwa hapa na namba yako."

"Namba yangu kila mtu anayo. Mtu akijisikia anaandika."

"Baba," ilisikika sauti ya kike nyuma yake.

Simeo alisimama bila kukusudia. Kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake, hakuna aliyekiokota.

"Huyo ndiye binti?" aliuliza Mzee Nicolaus. "Mpe simu, tafadhali, tulimalize jambo hili vizuri."

Kukawa na mnong'ono mrefu, wa ukali kwa upande mmoja na kilio kwa upande mwingine. Kisha pumzi.

"Haloo."

"Binti, hujambo. Kuna kijana hapa anaitwa Simeo, wa Dindira. Anakusikia. Unamfahamu?"

Simeo aliegemea meza kwa mikono miwili, uso karibu na simu. Alitaka kusema ni mimi, Ritha, usiogope. Alijua akisema hivyo amemchoma mbele ya baba yake, na asiposema amemwacha peke yake. Akanyamaza. Aliisikia pumzi ya Ritha kama alivyoisikia muda mfupi uliopita nyuma ya tangi, ileile yenye kamasi.

"Simfahamu," alisema Ritha.

Simu ikakatwa.

Mama Paulina aliinuka, akaokota kiti, akakiweka sawa, akamshika Simeo bega ili akae. Simeo akakaa. Hakulia, ingawa ingemfaa. Alihisi kifua chake kimefungwa kamba, na kila aliyekuwa naye ulimwenguni ameishika ncha anavuta upande wake.

Mzee Nicolaus hakumcheka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya baba, na hilo ndilo lililommaliza Simeo.

"Kijana wangu, umeona. Waliokula ng'ombe wamekukana. Mzee kakukana, binti kakukana. Mimi niliyepoteza ndiye bado nakupa kazi. Humlindi mtu tena huko Mpale. Nakuuliza mara ya mwisho, na hutaulizwa tena. Ile ilikuwa penalti?"

Simeo alimtazama Denis. Denis alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi kwamba ni Simeo peke yake aliyeona. Shikilia hapohapo.

Lakini angeshikilia nini? Dindira kulikuwa na mama yake, anayepanda vilima vya mashamba ya chai na kikapu mgongoni na magoti yanayouma, aliyekuwa amemwagiza asirudi na bahasha. Kijana aliyemsihi nje alikuwa amemfanya mwongo ndani. Wote walitaka ukweli wa Simeo, kila mmoja kwa kazi yake, na hakuna aliyeutaka kwa ajili ya Simeo.

Alichoka. Nakwambia hivyo tu, bila kumpamba. Alichoka.

"Nilikosea, mzee," alisema. "Haikuwa penalti."

Mzee Nicolaus alishusha pumzi ndefu. Alitoa leso, akafuta macho bila kuona haya, akamgeukia mwanawe.

"Umesikia, Denis? Umesikia mwanangu? Nilisema siku zote." Akachukua simu. "Nampigia yule bwana sasa hivi. Jumatatu unarudi kwenye majaribio. Nitakupeleka mwenyewe mpaka Dar, nitakaa uwanjani mpaka wakuandike."

"Baba, weka simu."

"Ngoja, inaita."

"Baba." Denis alivuka chumba, akaifunika simu kwa kiganja. "Niliushika."

"Usiogope. Refa mwenyewe amekubali."

"Amekubali kwa sababu umembana. Niliushika kwa mkono huu, baba. Makusudi. Sikutaka kwenda Dar, sikutaka tangu mwanzo. Huyu alijua. Nilimwambia hapo nje, kabla hamjamwita, nikamwomba asikwambie."

Upande wa pili wa simu mtu alikuwa anasema haloo, haloo. Mzee Nicolaus akaikata, akailaza kifudifudi mezani. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa muda mfupi ule, na Mama Paulina akageuza macho dirishani asimwone.

"Alijua," alisema Mzee Nicolaus.

"Alijua, baba. Nilaumu mimi."

Lakini mzee hakumtazama mwanawe. Labda alishindwa. Mtu anapoumizwa na damu yake hutafuta mwingine wa kumtazama, na mwingine aliyekuwemo mle alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo," alisema, kila neno peke yake, "ulijua kwamba mwanangu aliushika. Ukakaa hapo. Ukanitazama machoni, ukaniambia haikuwa penalti. Ili nikupe funguo za ghala langu."

"Mzee, uliniuliza mara tatu," alisema Simeo. "Mbili nilikwambia kweli."

"Mama Paulina," alisema Mzee Nicolaus. "Funga mlango. Asitoke mtu."

Mama Paulina alisita, akawatazama wote watatu, kisha akaenda akazungusha ufunguo.